Mashine Imekuja, Nani Kafaidi Nani Kaumia?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Barani hapa Malindi. Wa kiume ana miaka 9, wa kike 13. Wote wanapenda mambo ya teknolojia lakini vitabu nlivowanunulia ni vile vya kueleza tu, hii kompyuta, huu waya, hii betri, wanafungua mara moja wanaviweka, wanarudi kwa simu. Juzi tulikuwa Ngomeni kwa shangazi yao, mdogo akaona yale majukwaa ya chuma kule baharini akaniuliza ni ya nini, nkashindwa kumjibu. Nataka vitabu vya hadithi, vinavoonyesha uvumbuzi na vile unavobadilisha maisha ya watu. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Hebu nianze na swali la huyo mdogo, usiliache likapoa. Yale majukwaa ni ya Waitaliano, walikuwa wakirusha roketi pale kuanzia 1967 mpaka 1988, na tarehe 12 Disemba 1970, siku yetu ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ya kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kutengenezewa kazi hiyo peke yake, na kwa sababu ya siku yenyewe ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili likapanda angani kutoka Ngomeni! Mwambie hivo, halafu muulize na yeye: unadhani wavuvi wa pale walipata nini, na walipoteza nini?

Hilo swali la mwisho ndo mimi huchagulia vitabu vya watoto. Kitabu kikinieleza mashine inafanyaje kazi peke yake nakirudisha, mana hayo hata kwa simu atayapata. Nataka kitabu kinachonionyesha mashine ilipofika nani alifurahi, nani aliogopa, nani riziki yake iliguswa.

Kwa huyo wa miaka 9 tafuta The Wild Robot cha Peter Brown, kilitoka 2016. Meli ya mizigo inazama, kreti moja lenye roboti linatupwa na mawimbi kwenye kisiwa kisicho na mtu, roboti anaitwa Roz. Wanyama wanamkimbia, wanamwita zimwi, naye anakaa kimya anawasikiliza siku baada ya siku mpaka anajua lugha yao, na baadae analea kifaranga cha bata bukini. Sura zake fupi fupi sana, mbili tatu kabla ya kulala zinatosha, na michoro ipo. Kiingereza chake chepesi lakini kama bado kinamshinda wewe soma huku unamfasiria, mimi nlimsomea mpwa wangu hivo hivo barazani, tulipofika pale Roz anapoingia ndani ya pango la dubu akanishika mkono nisifungue ukurasa, akasema ngoja kwanza, Roz mwenyewe anajua kama anaweza kufa? Tukakaa na hilo swali mpaka adhana ya Isha.

Wa miaka 13 mtafutie The Boy Who Harnessed the Wind. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, aliandika pamoja na Bryan Mealer, kilitoka 2009, lakini wewe ulizia ile ya vijana ya 2015, ipo na ya picha ya 2012 kwa wadogo. Njaa ilipoingia nchini kwao 2002 babake akakosa karo, kijana akatoka shule, akawa anaenda maktaba ya shule ya msingi kusoma mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, basi alikuwa anatazama mchoro kwanza, anaona namba yake, halafu anatafuta ile namba kwenye maandishi na kuyafukua maneno yaliyoizunguka. Binti yako mwonyeshe hapo! Na feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki akaunda mtambo wa upepo, kwanza wakamwona kichaa, taa ilipowaka wakaja mbio kumwomba awachajie simu.

Na usisahau vitu vya nyumbani. Wanao hawajui dunia kabla ya M-Pesa, ilianza Machi 2007 tu. Wahadithie tulivokuwa tukimpa dereva wa basi bahasha ya pesa apeleke Mombasa na roho iko juu mpaka usikie imefika.

Vitabu ulizia duka la vitabu la mjini, wakikosa waombe wakuagizie.

SWALI: Mimi ni kijana wa kidato cha tatu, Langoni, Lamu. Hadithi zote za roketi na roboti nazoona ni za Kizungu. Mwalimu mmoja aliniambia hayo mambo hayaandikiki kwa Kiswahili. Mimi nataka kuandika kuhusu bibi yangu anayeshona kofia, saivi kofia za mashine zimejaa. Kweli haiwezekani?

JIBU: Inawezekana mwanangu, na ishafanywa zamani. Tafuta Walenisi ya marehemu Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii yetu, ilichapishwa 1995. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha kuruka angani ili kimmalize, lakini anajifunza kukiendesha na kinamfikisha sayari nyengine ambako watu wameishi kwa haki. Likate hilo jina uone: wale ni sisi. Yote kwa Kiswahili, na roketi ndani yake.

Na hiyo ya bibi yako ndo hadithi ya teknolojia hasa. Kofia moja ya mkono ni miezi ya kazi, ya mashine inauzwa rahisi, mnunuzi mwenye pesa kidogo anavaa ya Idi naye hana kosa, wakati bibi sindano iko mkononi na mnunuzi hapiti. Usimfanye mashine kuwa shetani. Kaa nae jioni, mwombe akuonyeshe kitobo kimoja tu anakizungushia uzi vipi, mara ngapi, mgongo unamuuma wapi, kisha andika hicho kitobo kwanza. Ukimaliza nitumie, ntaisoma yote.