Kabla ya Kukata Nyasi, Mjue Sungura wa Uani Kwako

Ndugu zetu wengi waliohamia mashariki na katikati ya Marekani hukutana na sungura mwitu katika nyua zao, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni namna ya kumwokoa mtoto wa sungura aliyeonekana peke yake kwenye nyasi. Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kutunza bustani hapa Ohio, ni kwamba mara nyingi mtoto huyo hahitaji kuokolewa. Linalohitajika ni mwenye ua kufahamu sungura hutumia sehemu ipi, katika umri gani na majira gani, kisha aiache sehemu hiyo kwa muda huo.

Sungura ninayemzungumzia ni Sylvilagus floridanus, yule mwenye mkia mweupe kwa chini. Tofauti na sungura wa Ulaya, ambaye ndiye asili ya sungura wa kufugwa, huyu hachimbi mahandaki, bali hujilaza juu ya ardhi chini ya kichaka. Ua uliofyekwa wote haumfai, na pori lililosongamana lote halimfai vilevile, kwa sababu anahitaji majani mafupi ya kula yaliyo karibu na mahali pa kukimbilia.

Tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa joto, jike huzaa mara kadhaa, na kila mimba huchukua takriban siku 28. Hufukua kishimo kifupi, mara nyingi kwenye nyasi za wazi kabisa, akakitandika nyasi kavu pamoja na manyoya aliyojinyofoa mwilini, kisha akakifunika. Apitaye haoni kitu ila kiraka cha nyasi zilizonyauka. Watoto huzaliwa hawajafumbua macho wala kuota manyoya, na mama huja kunyonyesha kwa dakika chache tu, hasa alfajiri na jioni. Anapokaa mbali hajawatelekeza. Anaepuka kuwaonyesha mbweha na paka walipo.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mashine ya kukatia nyasi, utembee ua mzima ukitazama chini, na ukiona kiraka cha namna hiyo, ukiwekee alama na uache nyasi za kukizunguka, kwani watoto wataondoka wenyewe baada ya wiki mbili au tatu. Ukiwa na shaka kama mama anarudi, laza vijiti vyembamba vya nyasi juu ya kiota kwa kuvipishanisha, kisha ukague asubuhi inayofuata: vikiwa vimesogezwa na matumbo ya watoto yamejaa, mama alifika. Mtoto mwenye ukubwa wa ngumi, macho wazi na masikio yaliyosimama, tayari anajitegemea. Aliyejeruhiwa, au aliyeumwa na paka, ndiye apelekwe kwa wahudumu wa wanyamapori wenye leseni, na tafadhali asipewe maziwa ya ng'ombe.

Wakitoka kiotani, wadogo hawa hukaa karibu na majani marefu, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Ukanda usiofyekwa kando ya uzio huwasaidia kuliko chakula chochote utakachowawekea.

Baridi ikiingia, mambo hubadilika kabisa. Majani mabichi huadimika, na sungura hugeukia vichipukizi, vitawi na magome. Tawi lililokatwa na sungura huwa na mkato safi wa mshazari, ilhali kulungu, asiye na meno ya mbele ya juu, huacha nyuzi zilizochanika. Funga mashina ya mitofaa michanga kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, nawe uupandishe juu kuliko unavyodhani inatosha, maana theluji ikijaa humwinua sungura hadi kwenye magome ya juu.

Kwa maficho, kwenye baridi kali yeye huingia hata mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Mimi humwekea rundo: magogo mazito chini yakiachiana nafasi, matawi juu yake, mbali na miche ya mboga. Rundo hilo lisichomwe theluji inapoyeyuka, kwa kuwa watoto wa kwanza wa mwaka watalihitaji kabla vichaka havijaota majani.