"Charge" ya benki, ya korti na ya betri: nifasiri vipi?

SWALI: Mwalimu, nina kibanda cha kuchapa na kufasiri barua hapa Kisumu, karibu na mahakama. Neno la Kiingereza "charge" linanitesa. Mzee mmoja aliniletea barua ya chama chake cha akiba na mikopo iliyosema: "The Charge shall be discharged upon payment of the loan and all charges." Nikaandika: "Shtaka litaachiliwa baada ya kulipwa mkopo na mashtaka yote." Mzee aliondoka akiuliza atafikishwa kortini lini. Kamusi inanipa maana nyingi mno. Nichague vipi? (Msomaji, Kondele)

JIBU: Ndugu yangu, sentensi hiyo ina "charge" mbili zisizohusiana, na katikati yake kuna "discharge". Ningeiandika hivi: "Rehani itaondolewa kwenye rejista ya ardhi mkopo na ada zote zikishalipwa." Mwite mzee umpe nakala mpya, tena bila malipo.

Kabla ya kufungua kamusi, tazama kiungo kinachofuata neno. "Charge with" ni kushtaki. "Charge for" ni kutoza. "Charge over" au "charge on", ikifuatwa na mali, ni rehani. "In charge of" ni usimamizi. Kisha tazama herufi: katika mikataba, neno lililofafanuliwa mwanzoni huandikwa kwa herufi kubwa kila linapotokea. Kwa hiyo "the Charge" yenye C kubwa ni hati ya rehani, na "charges" yenye c ndogo na wingi, mara nyingi ni ada. Ishara hiyo pekee ingekuokoa.

Kwenye ardhi usiende mbio, maana hapo kosa la neno moja linaweza kumgharimu mtu shamba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 80, "charge" ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Usiandike kwamba shamba "limechukuliwa na benki" wakati bado lina jina la mwenyewe. Angalia pia miisho ya maneno: "chargor" ni mwenye ardhi aliyeiweka rehani, "chargee" ni mkopeshaji. Ukiyabadilisha, barua nzima inageuka kichwa chini, mdaiwa anakuwa mdai. Mimi huandika "mweka rehani" na "mpokea rehani", kisha mara ya kwanza naongeza jina la benki au la mkopaji ili msomaji asipotee.

Mteja akileta barua yenye maneno "default under the Charge", yaani kushindwa kutimiza masharti ya rehani, mwambie asiiweke kabatini akidhani ni ada ndogo ya benki. Kifungu cha 90 kinamruhusu mkopeshaji kutoa notisi baada ya mwezi mmoja wa kutolipa, na notisi ya deni la pesa lazima impe mdaiwa siku zisizopungua 90 za kurekebisha. Ikipita hiyo, kifungu cha 96 kinataka notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Andika siku hizo kwa tarakimu na uzikoleze wino. Ikiwa kilichowekwa rehani ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 79 kinadai mwenzi anayeishi humo naye awe ametia sahihi au ameridhia. Basi ukikuta "spousal consent" usiiruke ukidhani ni pambo la mawakili.

Sasa mahakamani. Hati inayoitwa mitaani chaji shiti ni hati ya mashtaka, nayo ina sehemu mbili ambazo wafasiri wengi huzichanganya. "Statement of offence" ni jina la kosa na kifungu cha sheria. "Particulars of offence" ni maelezo: nani, lini, wapi, alifanya nini, dhidi ya nani. Usifupishe ya pili. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha kulijibu, na haki ya mkalimani bila kulipa ikiwa haelewi lugha ya kesi. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba shtaka pamoja na vipengele vyake vyote muhimu vielezwe mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, na maneno yake yaandikwe. Mkalimani akitamka tu "unashtakiwa kwa wizi, ni kweli au si kweli?" ameacha nusu ya kazi mezani, na kukiri kunakopatikana hivyo kunaweza kubatilishwa kwenye rufaa.

"Charged" si "arrested" wala "convicted". Aliyekamatwa ni mshukiwa, aliyesomewa hati ni mshtakiwa, na aliyepatikana na hatia anakuja baadaye sana kama anakuja. Nikisoma tafsiri inayosema mtu "alihukumiwa" kwa sababu tu hati imesomwa, huwa siendelei na ukurasa wa pili.

"Discharge" ndiyo yenye meno zaidi. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anakuwa "discharged": anaenda nyumbani, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Ikiondolewa baada ya hapo, chini ya 87(b), anakuwa "acquitted". Kiswahili cha mtaani huwaita wote wawili "walioachiliwa huru", na hapo ndipo familia hupika pilau mapema. Andika "kesi imeondolewa, anaweza kushtakiwa tena" kwa wa kwanza, na "ameondolewa hatia" kwa wa pili. Kuna na ya tatu: kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, ambapo mahakama imeona kosa limethibitika lakini haimwadhibu, pengine kwa sharti kwamba asifanye kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. "Discharged" ya huyo haimaanishi kuwa hana kosa.

Hospitalini "discharge" hiyohiyo ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Ila karatasi ya maelekezo baada ya upasuaji ikisema "report any discharge", hiyo ni majimaji au usaha unaotoka kwenye kidonda. Kiashiria ni kitenzi: mgonjwa "is discharged", kidonda "has a discharge". Na "in-charge" wa zahanati ni msimamizi wake, hata kama kila mtu kijijini anamwita inchaji.

Bei ni rahisi: ada, tozo, malipo, "free of charge" ni bila malipo. Pana mitego miwili tu. "Demand charge" kwenye bili ya umeme ya kiwanda si "ada ya madai" wala "ada ya mahitaji". Ni malipo kwa kilele cha mzigo wa umeme ambao mteja aliuvuta mwezi huo, hupimwa kwa kVA (kilovolti-ampea), tofauti na uniti za kWh alizotumia. Mtego wa pili ni "fixed charge". Kwenye bili ni ada isiyobadilika hata usipowasha taa. Kwenye mkopo wa kampuni ni rehani juu ya mali iliyotajwa waziwazi, kwa mfano mashine fulani, na mwenzake ni "floating charge", rehani inayofunika mali inayobadilikabadilika kama bidhaa za ghalani. Soma kwanza kichwa cha barua ujue imetoka wapi.

Fahali wa Khayega, kule Kakamega wanakopiganisha mafahali, akimkimbilia mwenzake pembe zikiwa chini, hiyo nayo ni "charge": kushambulia, kuvamia. Haitakusumbua kibandani.

Kwenye umeme na sayansi, chaji inatosha: chaji chanya, chaji hasi, kuchaji simu. Shida inakuja na maelekezo ya betri ya gari au ya sola yanayosema "dry-charged". Wengi huandika "betri isiyo na chaji", na hiyo ni kinyume kabisa. Ni betri ambayo sahani zake zimeshachajiwa kiwandani, ikauzwa bila asidi ndani. Mnunuzi anajaza asidi ya salfuriki ya msongamano ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi karibu mara 1.26 hadi 1.28 ya ule wa maji, anaiacha kama nusu saa ili sahani zinywe, kisha anapima volti na kuiongezea chaji. Fundi aliyesoma "isiyo na chaji" atakimbilia kuunganisha chaja kwenye betri kavu, na haitashika kitu kwa kuwa hakuna asidi ya kupitisha mkondo. Andika "betri iliyochajiwa, bado haijatiwa asidi".