Plasta inabanduka ukutani

SWALI: Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe. Mwaka jana fundi alipiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta. Sasa chini inavimba, inabanduka na kutoa unga mweupe. Tupake rangi upya? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, tafadhali msipake chochote kwanza. Unga huo ni chumvi. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini. Zamani maji hayo yalitoka polepole kupitia plasta ya chokaa. Simiti na rangi ya mafuta zimeyafungia ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma.

Kagueni mabomba yanayovuja. Bandueni plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, msugue chumvi kwa brashi kavu. Mkiosha kwa maji, itarudi ndani ya jiwe. Ukuta ukauke wiki kadhaa.

Kisha pigeni chokaa: ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga wa mto, kila tabaka lisizidi milimita 10, na linyunyiziwe maji siku kadhaa lisipasuke. Mchanga wa ufuoni ukataeni kabisa, hata ukiwa rahisi. Una chumvi ile ile. Mwisho, juu ya plasta hiyo ya chokaa pakeni chokaa ya maji, yaani chokaa nyepesi ya kupaka kama rangi.