Unamnunia Aliyempakata

Mwanangu wa Muheza, marahaba, na pole kwa msiba. Nasema msiba kwa kukusudia, kwa sababu kiumbe aliyezoea kukulaki kila urudipo safari akifa, ua mzima hunyamaza, na anayekucheka kwa hilo hajapata kufungua mlango wake usiku akaukuta ukimya wa namna hiyo. Pole hiyo ipokee sasa, maana mengine nitakayokuambia hayatakuwa matamu.

Kwa faida ya wasomaji, barua yako inaeleza kwamba wewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Doria, mbwa wa miaka 12 uliyemrithi kwa marehemu mama yako, aliugua figo ukiwa njiani kwenda Tunduma. Mkeo alimwita daktari wa mifugo, na usiku wa siku ya tano akaridhia achomwe sindano ya kumpumzisha. Uliporudi ulikuta amekwisha kufukiwa chini ya mwembe. Hii ni wiki ya sita unalala sebuleni, na unaniuliza utaishije na mwanamke aliyemuua rafiki yako bila kutoa hata chozi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na katikati yake kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Umeandika kwamba mkeo alikupigia simu jioni ile akakuuliza la kufanya, nawe ukamjibu afanye anavyoona. Mwanangu, neno hilo lilikuwa idhini. Ulimtwika mzigo ulioshindwa kuubeba mwenyewe, naye alipokwisha kuutua ukamgeuzia mgongo.

Fahamu pia kwamba hakuna maisha aliyomkatisha. Figo za mbwa mzee huharibika polepole, na mara nyingi dalili hujitokeza wakati sehemu kubwa yake imekwisha kufa, nayo hairudi. Kuanzia hapo sumu iliyopaswa kutoka kwa mkojo hubaki mwilini, mnyama hutapika, hukataa chakula, mdomo hufanya vidonda. Doria hakuwa amekula kwa siku tano. Sindano ile ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa: mnyama hupoteza fahamu kwanza, ndipo pumzi na moyo vinaposimama. Kama mkeo angekungoja, mbwa wako angeteseka siku nne zaidi ili wewe upate kumuaga.

Sasa nije kwenye lile la kutokuwa na huruma. Umelalamika kwamba mkeo hakuwahi kumkumbatia Doria, na kwamba kila alipolambwa mkono alikwenda kuuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Hivyo ndivyo alivyolelewa huko Pangani, na hapana ubaya wowote katika kuishika twahara yake. Lakini mistari michache baadaye umeandika, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba daktari alikusimulia jinsi alivyomkuta mkeo ameketi sakafuni, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwake, akimlowesha ulimi kwa kitambaa cha maji. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameyakwepa mate ya mbwa aliyaacha yatiririke kwenye kanga yake mpaka pumzi ya mwisho, kisha bila shaka akainuka gizani akaenda kuoga na kutafuta udongo. Ukisoma hayo na bado ukataka machozi, sijui unataka ushahidi gani.

Nawe ni Mwislamu, kwa hiyo habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila tope kwa kiu, unaijua. Alisamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Hakuna alipotajwa kuwa alilia.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya tatu. Umesema kwamba mama yako alipofariki, miaka minne iliyopita, ulikuwa Zambia na mzigo, na kwa kuwa maiti yetu hailazwi, ulifika akiwa amekwisha kuzikwa. Doria ndiye aliyekuwa akilinda mahindi yake dhidi ya ngedere, na ndiye uliyeondoka naye kwenye nyumba ile. Basi mara mbili umerudi safari ukakuta udongo umefukiwa, na mara hii aliyefukiwa ni kiumbe wa mwisho aliyekuwa akiitika sauti ya mama yako. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nadhani hata wewe ulijidhania umepoa. Hasira unayomrushia mkeo ni ya barabara, ya kazi inayokuweka mbali kila mtu wako anapokata roho, na ukweli huo ni mchungu kuliko kulala sebuleni.

Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjika kwa namna hii hii, na siachi kulisema. Umeniambia picha ya Doria uliiweka kwenye simu siku ile ile, ukapokea pole za watu wengi, wengine huwajui hata kwa sura. Mtu mmoja tu hukumpa wala hukupokea kwake pole, naye yumo ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa chumba. Tumejifunza kulia mbele ya wageni na kununa mbele ya wenzetu. Wazee wetu walikaa matanga pamoja mkekani, na hata aliyekosana na mwenzake aliketi.

Kuhusu nia yako ya kuleta mbwa mwingine na kumfuga ndani, mkeo apende asipende, jibu langu ni hapana. Mbwa wa kulinda ana ruhusa yake na banda lake uani, lakini asiletwe kama fimbo ya kumchapia mtu. Atakuja siku mtakayokubaliana wote wawili, nawe uwe umejipanga kwa chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu na kuirudia kila mwaka, usimwachie mkeo hilo pia.

Leo usiku rudi chumbani. Mwombe radhi kwa neno lile la simu, kisha mwombe akusimulie usiku ule tangu alipokupigia hadi alipomwonyesha kijana mahali pa kuchimba, nawe usimkatize hata akirudia. Umeandika kwa uchungu kwamba siku ya tatu aliliondoa bakuli la bati la Doria. Umeandika pia kwamba limesuguliwa na kuwekwa juu ya kabati lake la nguo. Usiliguse mpaka alishushe mwenyewe.