Maswali ya Wasomaji: Kuchora Vita vya Baharini

SWALI: Nachora Vita vya Trafalgar kwa penseli, Victory, meli ya vita ya Waingereza, ikiikaribia safu ya adui, Wafaransa na Wahispania. Rafiki yangu baharia ameutazama mchoro akacheka, eti bendera zangu zinapepea kinyume. Nimezielekeza nyuma kwa sababu meli inakwenda mbele. Kosa liko wapi?

JIBU: Umeichora kama pikipiki. Meli ya matanga inayosukumwa na upepo kutoka nyuma haiwezi kuupita upepo huohuo. Tarehe 21 Oktoba 1805 upepo ulikuwa mwanana, ukitoka magharibi na kuegemea kaskazini kidogo, nayo Victory ilikuwa ikielekea mashariki. Kwa hiyo bendera ya tezini (nyuma ya meli) huangalia omo (mbele), tena imelegea, haikunyooka kama ubao.

Moshi nao hufuata sheria hiyohiyo. Wa Victory huitangulia. Wa mizinga ya Wafaransa na Wahispania iliyoelekezwa magharibi huwarudia wenyewe, ukafunika sitaha zao. Ukiuchora ukipanda wima pande zote, umeua upepo.

Usiilaze meli ubavu pia. Mwendo ulikuwa kama wa mtu anayetembea kwa miguu, na matanga yote yalikuwa wazi ili kunasa hicho kidogo kilichokuwepo. Lakini bahari haikuwa shwari: mawimbi makubwa, marefu yalikuwa yakitoka magharibi, yakitangulia dhoruba iliyozuka baada ya vita. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani upepo mdogo lazima uende na maji tulivu.

Kabla ya kugusa hata mlingoti mmoja, chora mshale wa upepo pembeni mwa karatasi. Ufute siku ya mwisho.

SWALI: Kwa nini meli zangu za mbali zinaonekana zikielea angani?

JIBU: Umeziweka juu ya upeo wa macho. Upeo huwa sawa na kimo cha jicho lako. Jicho likiwa mita 5 juu ya maji, mstari wa upeo utaikata kila meli isiyo mbali sana kadiri ya mita 5 juu ya maji. Mlingoti mkuu wa Victory ulifika takriban mita 62, basi mstari huo hupita kwenye sehemu ya kumi na mbili hivi. Meli ya sentimita 12 ikatwe sentimita 1 juu ya maji. Ya sentimita 6, nusu sentimita. Pima kwa rula, jicho hudanganya.

SWALI: Kuna mchoraji aliyekuwepo vitani kweli?

JIBU: Willem van de Velde Mkubwa, Mholanzi. Juni 1666, katika Vita vya Siku Nne kati ya Waholanzi na Waingereza, alikuwa na kundi la meli za Kiholanzi, akichora kutoka chombo kidogo. Mistari yake ya penseli ni ya harakaharaka, kivuli ni wino wa kijivu uliozimuliwa kwa maji, na mara nyingi jina la meli limeandikwa kando yake.