Je, dhima ya afisa ustawi wa jamii huisha anapomkabidhi mtoto kwa walezi?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Dodoma. Nina mtoto wa kike wa miaka minne ambaye mama yake amefariki na baba yake hatujampata. Wanandoa Waislamu wa Dodoma mjini, wenye nyumba nzuri na kipato cha uhakika, wako tayari kumlea, ila wanataka aandikwe kwa jina la mume na asielezwe asili yake. Mama yake mdogo yuko kijijini upande wa Kondoa, analima alizeti, naye hajaulizwa. Ofisini nahimizwa nifunge faili. Je, nikishasaini na kumkabidhi, dhima yangu imekwisha?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, haijaisha, na kwa namna ulivyoeleza, bado hujafika hata pa kusaini.

Katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), mtu aitwaye Abu Jamila aliokota mtoto mchanga akampeleka kwake. Umar hakuanza kwa kumshukuru. Alimuuliza kwa nini amemchukua mtoto yule. Arifu wa watu wale, ambaye kwetu tungemfananisha na mwenyekiti wa mtaa, alishuhudia kwamba ni mtu mwema, na baada ya ushahidi huo ndipo Umar akamwambia aende naye, kwamba mtoto ni huru na matumizi yake ni juu ya dola. Humo mna kazi yako karibu yote: kumchunguza anayemtaka mtoto, kumsikiliza anayemjua, na mamlaka kubaki na wajibu wake hata baada ya mtoto kupata pa kulala. Ila sote tunajua jinsi barua za wenyeviti zinavyopatikana, hivyo usitosheke na barua. Fika nyumbani, uzungumze na majirani, uone chumba atakacholala.

Kuhusu mama mdogo, hapo ndipo penye kasoro kubwa. Mwaka wa 7 Hijria, Ali, Jaafar na Zayd (r.a.) waligombea kumlea binti wa Hamza, na Mtume (s.a.w.) alimpa Jaafar kwa sababu mkewe alikuwa khala wa mtoto, yaani ndugu wa kike wa mama yake, akasema kuwa khala yuko mahali pa mama. Sisemi kwamba khala hupewa mtoto hata akiwa hafai, kwani haki ya malezi imewekwa kwa ajili ya mtoto na huondoka pakiwa na madhara. Nasema aulizwe, na hali yake ichunguzwe kama ya wengine. Nyumba ya udongo na shamba la alizeti si upungufu wa malezi. Akiwa anamtaka mtoto lakini hana uwezo, asaidiwe kwanza kabla ya kupokonywa damu yake kwa kosa la umaskini.

Suala la jina halina mjadala. Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha waitwe kwa baba zao, na Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake, Haritha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake na jamaa zake. Wanandoa hao wanaweza kumlea, kumsomesha, na hata kumuusia mali isiyozidi thuluthi. Kumfuta asili hawawezi, nawe usiwasaidie kwa kalamu yako.

Ikithibiti baada ya hayo yote kwamba wao ndio wanaomfaa, andika kila alichonacho mtoto, hata kama ni kanga ya marehemu mama yake, na ukabidhi mbele ya mashahidi, kama Suratun Nisaa, aya ya 6, inavyoagiza ushahidi katika mali ya yatima. Kisha umtembelee, na uzungumze naye pasipo mlezi. Tuliwahi kuwa na mvulana madrasa ambaye kila alipoulizwa mbele ya mjomba wake alijibu kuwa hajambo. Siku niliyomtuma achukue maji ya udhu nikamfuata, niliona hawezi kushika mkono wa ndoo kwa malengelenge, na hapo ndipo alipozungumza.

Ukikosa usafiri, andika kwenye faili kwamba uliomba ukanyimwa, na uendelee kuomba. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo. Lakini kwa sasa faili lisifungwe. Mwandikie mkuu wako kwamba khala hajasikilizwa, kisha uende Kondoa.

Wallahu a'lam.