Pima kina kwanza, chupa baadaye: kwa mnaoanza kazi ya visima vya uangalizi

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwezi huu, karibuni Mwanza. Visima vya uangalizi ni vile vinavyochimbwa karibu na migodi ili kufuatilia maji ya ardhini, na chupa ninazosema ni za sampuli za maji hayo.

Kila kijana anayekuja kwetu huanza kwa kuulizia maabara: arseniki inapimwa kwa mashine gani, majibu ya sayanaidi, ile sumu ya kutolea dhahabu kwenye mawe, yanachukua siku ngapi. Mimi humpa utepe wa kupimia kina, ule unaolia ukigusa maji, na kumpeleka kisimani. Wengine hununa kidogo, wakiona wamepewa kazi ya kibarua.

Kina ndicho kinachoonyesha maji yanakoelekea. Chukua mwinuko wa mdomo wa bomba kutoka usawa wa bahari, toa kina ulichopima, unapata usawa wa maji. Fanya hivyo kwenye visima vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja na utajua maji ya ardhini yanateremkia upande upi. Usipojua hilo, huwezi kusema kisima kipi maji yake hayajafika kwenye bwawa la tope sumu la mgodi na kipi kinapokea yaliyokwisha kulipita, na karatasi ya maabara hata iwe na mihuri kumi haitakusaidia.

Hili lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu ng'ambo ya ziwa, usawa wa maji kwenye kisima kimoja ulipanda sentimita 38 kati ya Julai na Agosti. Kiangazi kikali, mvua hakuna, maji yanapanda! Tuliandika ripoti nzima tukihofia bwawa linavuja, watu wakaitwa vikaoni, wanakijiji wakasikia. Wiki tatu baadaye fundi mmoja akakumbuka kwamba greda lilikuwa limegonga bomba lile, wakakata kipande kilichopinda na kurudisha kifuniko. Bomba lilikuwa limepungua sentimita 38, maji hayakuwa yamepanda. Hakuna aliyeandika popote. Mpaka leo kuna wazee kijijini wanaoamini bwawa lilivuja tukaficha, na siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo: weka alama ya rangi mdomoni mwa bomba na upimie hapo hapo kila mara. Kila safari pima pia urefu wa bomba kutoka kwenye zege mpaka kwenye alama. Pima kina mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu. Andika saa, na andika kama kuna pampu inayofanya kazi jirani. Andika ukiwa kisimani, kwa kalamu, kabla hujapanda gari.

Mwamba wetu nao una tabia zake. Haya mawe ya Mwanza mnayopiga nayo picha ni granaiti, na granaiti haina maji ndani yake kama mchanga ulivyo. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililooza. Mgodi ukivuta maji ili shimo libaki kavu, kisima kilicho mita mia moja kinaweza kisijue lolote, na cha kilomita nzima kikakauka kwa sababu kiko kwenye ufa uleule. Msichore duara kwenye ramani mkasema athari inaishia hapa. Na wale wenye visima vya mwambaoni, someni kipimo cha ziwa siku ileile. Ziwa likipanda kama lilivyopanda mwaka 2020, likavuka hata rekodi ya 1964, maji ya kisima cha ufukweni hupanda nalo, na mgodi haumo katika habari hiyo.

Sasa chupa. Maji yaliyokaa bombani yamezeeka, yatoe kwanza. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lenye maji ya kimo cha mita 20 lina lita 157 hivi. Toa mara tatu yake, yaani kama lita 470, huku ukiangalia pH (kipimo cha uchachu wa maji), joto na uwezo wa maji kupitisha umeme mpaka vitulie. Sampuli ya metali zilizoyeyuka ichujwe hapohapo, kisha itiwe asidi ya naitriki. Chupa ya naitreti usiitie asidi hiyo, maana utakuwa umeongeza kile unachokitafuta. Barafu iwepo. Anzeni na visima safi, mmalizie na vichafu.

Watakaopangiwa makaa ya mawe kule Mbinga au Kiwira wasidhani haya ni ya dhahabu tu. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, iko huko na huku. Ikipata hewa na maji hutoa salfeti na asidi inayoyeyusha metali za mwambani. Mara nyingi salfeti hupanda mapema, pH ikiwa bado imetulia kwa sababu mwamba wenye chokaa unaimeza ile asidi. Ukiona salfeti inapanda robo baada ya robo, usingoje pH ishuke ndipo useme.

Arseniki ina kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita kwenye maji ya kunywa, lakini huku kwetu huambatana na dhahabu mwambani tangu asili. Kama hamkupima kabla ya mgodi kuchimba, hamtakuwa na jibu siku mtakapoulizwa ni ya nani. Naitreti hivyohivyo: baruti huiacha, na vyoo na mazizi ya ng'ombe huiacha pia.

Mkifika kijijini, salimieni kwanza. "Mwangaluka" moja, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hufungua mengi. Mama mmoja anayetunza pampu ya mkono aliwahi kuniambia, "Mwanangu, chai yangu imekuwa nyeusi na haina ladha." Chai hugeuka hivyo maji yakiwa na chuma kingi. Sikumwambia ni mgodi, wala sikumwambia si mgodi. Tulichota maji ya kwanza alfajiri kabla hajapiga pampu mtu yeyote, tukachota tena baada ya kupiga nusu saa. Chuma kilikuwa kingi asubuhi, kikashuka sana baadaye: kutu ya mabomba ya pampu yenyewe. Yalibadilishwa, chai ikarudi rangi yake.

Tulimwachia daftari. Kila alfajiri anaandika idadi ya mipigo kabla maji hayajatoka. Mwezi uliopita ilikuwa sita. Jana amenipigia simu, imefika kumi na moja. Huenda ni valvu ya chini imechoka, huenda ni maji yameshuka. Jumatatu tunafungua kichwa cha pampu ile, na utepe ataushika mmoja wenu.